Usiulize Kodi, Uliza Gari la Mwisho

Mwenye gari akihama hutafuta nyumba. Asiye na gari hutafuta stendi kwanza, akishaipata ndipo anaulizia kama jirani yake kuna nyumba. Tofauti hii haiandikwi kwenye mkataba wowote wa pango, na dalali hawezi kukutajia hata ukimlipa ada yake mara mbili, kwa kuwa dalali mwenyewe ana pikipiki.

Mimi nilihamia Moshi kutoka Dar es Salaam kufuata kazi. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuwa linatafuta mtu wa kushika vitabu vya hesabu, nami nilikuwa natafuta mshahara, tukaelewana. Kabla sijafunga mizigo, marafiki walinipa ushauri, na wote walisema kitu kimoja: usipange mjini, kuna joto na kodi imepanda, panda juu mlimani, kule kuna hewa, maparachichi na maji baridi. Washauri hao wote ni wazaliwa wa Kilimanjaro, wote wanaishi Dar, na wote wana magari.

Siwalaumu. Kutoa hukumu juu ya mlima huu ukiwa umekaa mbali ni desturi ya zamani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona kwa macho yake, akaandika kwamba una theluji juu, na wasomi waliokuwa Ulaya wakambishia kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hawakuwa wamekanyaga huku. Marafiki zangu angalau walikuwa wamekanyaga, ila kwa matairi.

Dalali tulikutana pale kipilefti ya YMCA. "Karibu Moshi, dada yangu," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia akawa ameshapokea hela ya kuonesha nyumba na kuitia mfuko wa shati. Alikuwa na nyumba Kibosho: vyumba viwili, kimoja masta, uani parachichi, kodi shilingi 50,000 kwa mwezi, ila inalipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa Dar, elfu hamsini hukupatia chumba ambacho ukijinyoosha usingizini, mguu unaamkia kwa jirani.

"Ni mbali na barabara?"

"Dakika tano tu."

"Kwa miguu?"

"Dada yangu, dakika tano ni dakika tano," akajibu, akapiga kiki.

Na kweli zilikuwa tano. Pikipiki ilipanda, ikakata kulia kwenye migomba, ikavuka kidaraja cha magogo, ikapanda tena, na ilipozimwa nilikuwa mbele ya nyumba safi yenye paa jekundu. Nyuma yake ilisimama Kibo yote, theluji na kila kitu, maana asubuhi ile mawingu yalikuwa hayajaamka. Mlima una mita 5,895, na dalali aliuonesha kwa mkono mzima. Kwa sauti yake ungedhani umo ndani ya kodi.

"Na usafiri?"

"Gari zipo, dada. Zinajaa tu."

Nikalipa.

Sasa kuna mambo ya mlima huu ambayo mtu wa tambarare hafundishwi mpaka ayatembee. La kwanza ni kwamba huku nyumba hazikukusanyika mahali pamoja zikisubiri kituo cha daladala. Kila familia ina kihamba chake: migomba juu, kahawa chini ya kivuli chake, nyumba katikati, na masale yamepandwa kuonesha mpaka. Kihamba kinarithiwa, hakihami kufuata barabara. Barabara inapita inapoweza, na wewe mpangaji uko ndani kule, nyuma ya vihamba vya wengine, unatoka shikamoo baada ya shikamoo mpaka uione lami. Na shikamoo za Kibosho si za kutupa huku unatembea. Unaulizwa umeamkaje, umelalaje, mama hajambo, na wewe ni wa kwa nani. Ukichelewa kuamka huwezi kufidia kwa kukimbia, maana hakuna binti wa watu anayeweza kukimbia mbele ya mzee aliyekaa barazani bila kusimama kumsalimia. Kazini nilikuwa natakiwa saa mbili. Wazee walikuwa barazani tangu saa kumi na mbili.

La pili ni makorongo. Mito inayotoka msituni imechimba mlima kwa urefu, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wenye watu wake. Zamani migongo hiyo ilikuwa na wamangi wake, wa Machame, wa Kibosho, wa Uru, wa Kirua, wa Kilema, wa Marangu, na hawakuwa na haraka ya kujengeana barabara. Wamangi walikwisha ondolewa madarakani miaka ya mwanzo ya uhuru, lakini ramani ya usafiri bado wanaitawala wao: barabara nyingi zinapanda na kushuka, ni chache zinazokwenda kando. Mwenzangu wa kazini alikuwa anakaa Uru. Tukiwa mjini alinionesha kwao kwa kidole, jirani kabisa na kwangu, makorongo machache tu katikati. Siku aliponialika kula mtori ilibidi niteremke mpaka Moshi mjini, nibadilishe gari, nipande upya. Nilifika mtori umeganda.

Ukiuliza kwa nini, jibu lina harufu ya kahawa. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na kwa miaka mingi kitu kikubwa kilichosubiriwa mjini kutoka huku juu kilikuwa magunia. Gunia la kahawa likishateremka limeteremka. Halina haja ya kurudi jioni.

Mimi nilikuwa na haja ya kurudi jioni. Stendi ya Moshi saa kumi na mbili, Hiace ya Kibosho imefunguliwa mlango, ndani wapo watu wanne na magunia, na konda anaita kwa nguvu zote kwamba ni wawili tu wanatakiwa iondoke. Unaingia. Mnakuwa watano. Bado wawili. Wanaingia watatu. Bado wawili. Hesabu ninazozishika mchana kutwa hazikuwahi kunisaidia pale. Na hilo ni kabla ya kutoka stendi, maana ndani ya mji, mahali trafiki anapoona, tunakaa kwa idadi ya viti. Tukishampita, gari linasimama kwenye mti fulani, na chini ya mti huo wapo abiria wengine, watulivu kabisa, wanaojua ratiba ya trafiki kuliko trafiki mwenyewe.

Jambo zito zaidi ni kujua gari la mwisho ni lipi. Konda atakwambia saa moja. Dereva atakwambia saa moja na nusu. Mama anayeuza ndizi pembeni, ambaye hana sababu ya kukudanganya, atakutazama kwa huruma: "La mwisho si ndilo lile limeondoka, mwanangu?" Gari la mwisho huku halijulikani mpaka liwe limekuacha. Likishakuacha, unabaki mikononi mwa bodaboda. Daladala ina mwenye kuipangia bei: LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 ikawa 600, na kila mtu akajua. Bodaboda wa usiku hana bango. Bei anaisoma usoni kwako, na uso wangu ulikuwa unaonekana kwa mbali.

Kisha ikaja masika. Huanza Machi na kufika Mei, na kwenye miteremko hii ya kusini mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Jioni moja ya Aprili Hiace yetu ilifika kwenye kilima cha udongo mwekundu, ikajaribu, ikarudi kinyumenyume na kukaa mtaroni. Konda akafungua mlango: "Shukeni jamani, tupunguze uzito!" Tukashuka wote: wanafunzi, mama mwenye kuku kikapuni, mzee wa gunia la pumba, na mimi na viatu vya kazini vyenye kisigino. Vijana wakasukuma. Gari likapata nguvu, likapanda, sisi tukapiga makofi. Likaendelea kupanda. Dereva akisimama katikati ya utelezi hataondoka tena, kwa hiyo hakusimama. Tukaziona taa zake nyekundu zikikata kona moja, kisha nyingine. Tukalifuata kwa miguu gizani tukijimulikia simu, tope likinivua kiatu kila hatua chache, na mzee wa pumba akitusimulia kwa furaha kwamba mwaka wa El Niño ilikuwa mbaya zaidi.

Tulilikuta juu, karibu kabisa na mwisho wa safari. Konda amesimama mlangoni, mkavu, anakusanya nauli. Asubuhi ya siku ileile alikuwa ameniita anti. Mchana nilipodai chenji alinipandisha cheo nikawa sista mkubwa. Sasa, nimelowa mpaka magotini, nikawa mama.

"Kaka," nikamwambia kwa adabu, "gari limepanda bila sisi."

"Ndiyo, mama," akasema. "Lakini mkoba wako si umepanda?"

Nililipa nauli ya mkoba.

Akina mama wa mlimani hawateseki hivyo. Wao hushuka asubuhi wamevaa mabuti, viatu vizuri wameviweka kwenye mfuko. Wakifika chini wanabadilisha, na mabuti yanaachwa kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, yamepangwa ukutani mstari mmoja, yote meusi, yote yametapakaa udongo uleule. Kila mtu ana alama yake: mmoja amefunga kitambaa, mwingine amepaka rangi ya kucha kisigino. Nami nikanunua yangu, nikayatia alama ya utepe wa kijani, nikajiona mwenyeji. Lakini utepe hukatika. Jioni moja kijana wa kibandani alinikabidhi jozi kwa haraka, gari linaita, nikavaa ndani ya Hiace, na niliposhuka nikagundua nimepewa mabuti mawili, yote ya kushoto. Nilipanda kile kilima nikielemea upande mmoja njia nzima. Kilichonipa moyo ni kujua kwamba mahali fulani kwenye mgongo uleule kulikuwa na mwenzangu anapanda na mawili ya kulia.

Siku za mvua kali nilikaa chini nikafanya kazi niliyosomea. Kodi, 50,000. Hiace kwenda na kurudi, 3,000 kwa siku. Bodaboda ya jioni kutoka barabarani hadi nyumbani, 2,000. Siku za kazi kwa mwezi, Jumatatu hadi Jumamosi, 26. Nyumba ya elfu hamsini ilikuwa inanigharimu 180,000 kabla sijahesabu bodaboda za usiku wala jozi ya pili ya mabuti. Na mjini, eneo la Kiusa, chumba masta na sebule yake kilikuwa 120,000, na kazini unafika kwa miguu. Ukiiandika kwenye karatasi, kodi ya nyumba ya mlimani unalipa mara mbili: nusu ndogo kwa mwenye nyumba, nusu kubwa kwa konda na bodaboda, na hao hawakubali kulipwa kwa miezi sita.

Hesabu hiyo ingenishusha mjini siku ileile kama nisingepata ofa ya Marangu. Mtu wa kazini alikuwa na ndugu yake Dar, na huyo ndugu alikuwa na nyumba kijijini: geti la chuma, vigae sebuleni, makochi bado yamevikwa nailoni, na hakuna anayelala humo isipokuwa babu mlinzi kwenye chumba cha uani. Mlimani nyumba za namna hii ni nyingi, zimejengwa kwa jasho la Kariakoo na Mbeya na Mwanza, na kwa muda mrefu wa mwaka wakazi wake ni popo. Masharti yalikuwa mepesi: ulipe umeme, ufagie, uwashe taa jioni ionekane kuna mtu. Kodi, hakuna.

Na usafiri wa Marangu ulikuwa ahueni. Kuna lami mpaka Himo, na Himo iko kwenye barabara kuu. Tatizo lilikuwa Noah. Kiti cha mbele cha Noah, kwa hesabu ya kiwandani, ni cha mtu mmoja. Kwa hesabu ya Marangu ni cha wawili, na yule wa ndani anakaa juu ya mahali ambapo pangekaa sahani ya chai. Kila dereva akibadilisha gia inabidi kwanza akuombe radhi. Ilipofika Julai tukaongeza na nguo. Juu kule Julai ni ukungu kutwa, nguo zikianikwa Jumatatu zinaanuliwa Ijumaa zikiwa bado zinafikiria kukauka, na asubuhi unatoka na koti, sweta na kitenge begani. Lakini kila kilomita unayoshuka joto linapanda. Abiria wazoefu wana utaratibu: kitenge kinavuliwa Marangu Mtoni, koti Himo, sweta ukianza kuona Kiboriloni. Kwenye Noah iliyojaa, mmoja akivua sweta wanavua wote, kwa kuwa mkono wake ukitoka lazima wa jirani uingie mahali. Mara moja nilifika kazini na sweta la mtu mwingine. Lilikuwa zuri kuliko langu, na mwenyewe nilimtafuta mpaka nikampata, ingawa sikuwa na haraka sana.

Hivyo niliishi bure, kwa raha, mpaka Desemba.

Msomaji wa Tanzania ameshaelewa. Kwa wale wasiojua: mwisho wa mwaka Wachagga hurudi nyumbani kuhesabiwa. Mabasi ya kutoka Dar yanajaa, magari binafsi yanapangana barabara ya Segera usiku na mchana, na ile migongo iliyokuwa kimya inawaka taa mpaka juu. Wenye nyumba wangu waliingia na magari manne. Makochi yakavuliwa nailoni. Mimi nikahamishwa kwa upole kwenye stoo, nikalala kati ya kreti za bia na ndafu aliyekuwa anasubiri siku yake akiwa hai na mwenye maoni. Bibi mzaa chema, mama wa mwenye nyumba, alikaa barazani na kuniita.

"Mwanangu, wewe ni wa kwa nani?"

Nikaeleza. Akasikiliza yote, akaitikia, akaita wajukuu waje wamsalimie mchumba wa mjomba wao. Nilipokanusha, shangazi mmoja akaelewa kwamba basi mimi ni dada wa kazi, akanikabidhi sufuria la machalari. Kwa hiyo mwaka ule nilihesabiwa mara mbili.

Nilidhani angalau shida ya usafiri imekwisha. Kijiji kilikuwa na magari kuliko kuku. Lakini kila gari lilikuwa linakwenda kwenye sherehe: kipaimara, ubarikio, ndoa, jubilei ya ndoa, kuweka msalaba kaburini. Mimi nilikuwa nakwenda kazini, na kazini hakuna aliyealikwa. "Tungekupa lifti, dada, ila tumejaa keki," waliniambia mara moja, na kweli keki ilikuwa na kiti chake na mkanda wake. Noah zenyewe zilikodiwa kubeba maharusi. Babu mlinzi ndiye aliyenifariji. Akanikumbusha miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei duniani na serikali ikazuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia mchana. "Matajiri walikuja kanisani na magari," alisema, "ibada ikiwa ndefu wanarudi kwa miguu na sisi." Alilisimulia hilo kwa raha ya mtu ambaye hakuwa na gari wakati huo na hana sasa. Nikaelewa kwa nini tuliivana.

Januari wote wakaondoka, nailoni ikarudishwa makochini, na mimi nikaamua kutafuta mahali pa mtu asiye na gari, kwa macho yaliyofunguka. Nilianza na miji ya barabara kuu. Himo na Boma Ng'ombe zina sifa kubwa: lami iko mlangoni, kodi ni nafuu, na magari hayaishi. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo hata saa nane unasikia gari. Unalisikia tu. Basi la kwenda Arusha halisimami kwa ajili ya mhasibu aliyenyoosha mkono gizani, na vumbi linalokuachia unaondoka nalo kesho yake kazini.

Mjini nako nikatembea. Shanty Town nilipita nikitazama miti, maana kutazama hakulipiwi. Mtaa ule una jambo la kuchekesha ambalo asiye na gari hulibaini upesi: nyumba ikizidi kuwa nzuri, daladala inazidi kuwa mbali, kwa sababu hakuna konda atakayekwenda kusubiri abiria mahali kila geti lina gari mbili. Jirani na KCMC vyumba vinagombaniwa na wanafunzi na wauguzi. Pasua ni tambarare, wenye baiskeli wanakula raha, kodi iko chini, ila usiku wa Februari unalala juu ya shuka na bado unaona shuka ni zito. Nikaishia Kiusa, palepale ambapo karatasi yangu ya masika ilikuwa imenielekeza.

Kuhama kwenyewe kulifanywa kwa vituo. Noah ilileta mizigo kichwani mpaka stendi, na kutoka stendi nikakodi guta. Kijana wa guta alipanga vizuri: godoro chini, ndoo, masufuria, jiko la gesi, na mwisho kabati la nguo, limesimama wima limefungwa kamba, mlango wenye kioo ukitazama nyuma. Mimi nikawa natembea nyuma ya guta kulinda kioo kisivunjike. Kwa hiyo njia nzima, kupita upande wa soko kuu saa nne asubuhi, nilijitazama nikihama. Nilijiona nimebeba ufagio. Nilijiona navuka barabara. Nilipotoa jasho nililiona mapema kuliko nilivyolihisi.

Sikuwa peke yangu kwa muda mrefu. Kaka mmoja mwenye tai aliungana nasi hatua kadhaa, akajirekebisha kola, akashukuru, akashika njia yake. Dada aliyetoka saluni alitembea nasi karibu mtaa mzima akigeuka kushoto na kulia. Bodaboda waliokuwa kijiweni walitoa tathmini ya bidhaa kwa sauti: jiko zima, godoro limechoka, ufagio mpya. Asiye na gari hahami kimyakimya. Mali yake yote inapita mbele ya umma ikikaguliwa, na mama jirani yangu mpya alikuwa amesimama mlangoni anaijua hesabu kabla sijapiga hodi.

"Karibu sana, jirani. Na friji unalo!"

"Si friji, mama. Ni kabati."

"Basi karibu hivyohivyo."

Tangu hapo nimeishi vizuri. Kazini nafika kwa miguu, viatu vikavu, wazee wa kusalimia ni wachache, na mlima nauona asubuhi nikiwa napiga mswaki uani, bila kupandishiwa nauli. Yeyote anayeniuliza sasa apange wapi, namwambia neno moja: usianze na kodi, anza na gari la mwisho. Uliza linaondoka saa ngapi, na usimuulize dalali wala konda; muulize mama wa ndizi. Kisha nenda ukaione nyumba jioni ya mvua, kwa miguu, na mzigo mkononi. Ikikupendeza hivyo, lipa hata ya mwaka.

Kuna kitu kimoja tu ambacho karatasi yangu haikukihesabu. Gari la mwisho halikuacha kuwaacha watu eti kwa sababu mimi nimehama. Wiki niliyoingia Kiusa, mwenzangu wa Uru alichelewa Hiace, akalala sebuleni. Akafuata mama wa kuku, yule wa kilima cha Aprili, aliyekuwa na miadi ya asubuhi hospitali. Kisha bibi wa Marangu na wajukuu wawili, bado ananitambulisha kama mchumba. Gari lake lilipoharibika, akaja konda mwenyewe. Safari hii aliniita dada, na nilimtoza nauli ya mkoba. Hawaji mikono mitupu. Wanateremsha ndizi, maparachichi na chupa za mbege, kiasi kwamba ule utamu wa mlimani ambao marafiki wa Dar waliniahidi ninaupata wote bila kupanda hata hatua moja.

Juzi nimempigia dalali anitafutie nafasi kubwa kidogo, hapahapa mjini. Akauliza nataka sebule ya futi ngapi. Nikamwambia asipime kwa futi, apime kwa magodoro.